Njia Iliyolalia kwa Mdogo Wangu

Funga hilo dirisha, binti yangu, upepo unanila kifua, halafu vuta kiti ukae karibu, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina zahanati. Sikilizeni wanangu. Nina maneno ambayo sina nguvu ya kuyasema mara mbili.

Jana asubuhi nilisikia lori likimwaga kokoto pale getini. Nilikuwa nimefumba macho, mkadhani nimelala, nikakusikia mkubwa ukimwambia dada yako kwa sauti ya chini kwamba mashimo ya njia yazibwe mapema, wageni wakija magari yasinase. Wageni gani, hukusema, na dada yako hakuuliza. Sijakasirika, mwanangu. Mwenye akili huandaa. Ila inachosha kulala kitandani ukisikia njia ya msiba wako ikitengenezwa, na inachosha zaidi ukisikia inatengenezwa vibaya.

Kokoto zile ni za mtoni. Sikuziona, nilizisikia. Kokoto za machimbo, zile zilizopasuliwa zikabaki na kona, zikimwagwa hukwaruzana mara moja zikatulia. Zako zilivingirika, na ziliendelea kuvingirika hata dereva alipozima lori. Jiwe la duara halimshiki mwenzake. Ukizitandaza juu ya tope, gari la kwanza litazisukuma pembeni, la pili litazizamisha, na la tatu ndilo litakalokuwa limenibeba mimi. Usicheke, binti yangu. Haya, cheka, mama yenu naye angecheka.

Miaka thelathini na moja nimekalia greda. Vibarua waliniita Mzee Mgongo, kwa sababu kutwa nilikuwa nikipiga kelele, "Mgongo! Ipeni barabara mgongo!" maana barabara isiyoinuka katikati maji hulala juu yake, na maji yakilala, barabara imekufa. Basi watu wa mtaa huu wamejiuliza miaka yote, na nyinyi najua mmejiuliza, imekuwaje mtu aliyewatengenezea watu barabara nchi nzima, njia yake mwenyewe ya hatua tisini, kutoka getini mpaka hapa, inageuka tope kila mvua ikinyesha. Mkajijibu kwamba mganga hajigangi. Mlinionea huruma bure. Njia hii niliitaka iwe hivi.

Nipeni maji kidogo. Polepole. Asante.

Babu yenu alipogawa kiwanja, nyumba yake, ile ya mbele upande wa kushoto, alimpa baba yenu mdogo. Mimi mkubwa nikapewa kiwanja cha nyuma, kitupu, cha kuingia kwa kuchonga njia. Na babu yenu alikuwa na haki. Miaka minne ya mwisho aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko, alikuwa mdogo wangu; mimi nilikuwa kambini, nikija mara mbili kwa mwaka na kilo ya sukari. Hilo nililijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kumeza ni kingine. Niliona nimevuliwa ukubwa wangu mbele ya watu, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndipo nikachonga njia. Mimi, Mzee Mgongo, sikuipa mgongo. Niliilaza yote kushoto, vidole vitatu kwa kila hatua, kazi safi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuiona kwa macho. Mtaro sikuchimba. Na tulikuwa na desturi kule kambini: kipande cha barabara kikiisha, msimamizi anamwaga ndoo ya maji katikati, watu wote wamesimama, anauliza, "Yanakwenda kwa nani?" Kama yanakwenda kwenye nyumba ya mtu, kipande kinafumuliwa, hata jua liwe limezama. Siku nilipomaliza njia yangu nilimwaga ndoo hiyo peke yangu. Nikayatazama maji yakiteremka taratibu, yakapita chini ya ua, yakafika kwenye ukuta wa chumba alichofia baba yangu. Nikainua ndoo, nikaenda kunawa, nikala.

Kama ningeishia hapo, leo ningesema ni hasira ya siku moja. Sikuishia hapo. Masika ya kwanza yalipopita, baba yenu mdogo alikuja, akasimama pale uani ameshika kofia, akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayeyajua maji, njoo unitazamie ukuta, unavimba." Nikaenda. Nikaugonga kwa vidole kama daktari, nikainama, nikanusa, nikamwambia, "Msingi wa baba ulikuwa mfupi, mdogo wangu. Inua sakafu." Nikamsingizia marehemu. Naye akanishukuru, akanitengenezea chai, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Akainua sakafu. Miaka mitano baadaye akainua tena, na tena juzi juzi kabla sijalala kitandani hapa. Mara tatu. Nyinyi mnamtania kwamba nyumba yake inazama, kwamba mgeni akiingia sharti asujudu, naye anacheka pamoja nanyi na kuinamisha kichwa asigonge kizingiti cha juu. Nyumba ya baba yangu! Na kile kikohozi chake, mnachokisikia sasa hivi pale barazani, daktari alimwambia ni unyevu wa chumba. Alinisimulia mwenyewe. Nikamjibu, "Pole."

Mama yenu alijua. Aliniambia mara moja tu, tunaanua nguo, mvua inakuja: "Baba watoto, maji hayana chuki na mtu, yanakwenda yalikotumwa." Hakurudia. Lakini tangu siku hiyo kila mvua ikinyesha alikuwa akiondoka kitandani, akaenda kukaa jikoni mpaka ikatike. Miaka mingapi hiyo? Hesabuni nyinyi, mimi nimechoka.

Sasa sikieni ninayoyausia, na mkubwa, usinikatize. Najua unataka kumwaga zege kuanzia getini, na ule ukanda wa kulia wa njia ujenge banda la lori lako. Zege juu ya mlalo huu litapeleka maji kwake mara mbili ya haya. Nakataa. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, hakuna wa kumfukuza mwenzake, na dada yako asije akaambiwa aliolewa kwa hiyo hana chumba. Shamba la bondeni lilime wewe. Lakini ule ukanda wa kulia, upana wa hatua mbili, kuanzia getini mpaka nyuma ya nyumba, sikupi wewe wala dada yako. Naupa maji.

Ifumueni njia yote. Msizibe mashimo, kuziba shimo juu ya njia mbovu ni kumpaka poda mgonjwa. Ondoeni udongo mweusi na mizizi yake, mshuke futi moja mpaka mguse udongo mgumu unaokataa jembe. Hapo chini, kabla ya jiwe lolote, ulazeni mlalo upya, vidole viwili kwa kila hatua, kwenda kulia. Nimewaimbia mgongo maisha yangu yote, ila hii msiipe mgongo, maana mgongo utampelekea nusu ya maji, na hata nusu hana deni nayo. Yote kulia. Kisha tandikeni kile kitambaa kizito kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande. Juu yake mawe ya kupasuliwa, makubwa kama ngumi, halafu ya kati, halafu madogo yaliyochanganyika na vumbi lake, maana vumbi lile ndilo linaloshika. Kila tabaka lisizidi shubiri, na kila tabaka lishindiliwe na mashine, limenyunyiziwa maji, mpaka kisigino kikikanyaga kisiache alama. Mkiambiwa na fundi kwamba mara moja mwishoni inatosha, mlipeni nauli aende kwao.

Na mtaro. Njia bila mtaro ni... ngoja. Niinueni mto. Hapo. Mtaro ukae kulia, uende mpaka kwenye bonde nyuma ya choo, mbali na watu. Hizo kokoto zako za mtoni, mwanangu, usizione hasara; zipangeni sakafuni mwa mtaro, huko uduara ni faida, maji yatapita bila kula udongo. Usiniangalie hivyo. Lori utaliegesha nje ya geti kama wenzako.

Nilikuwa nimepanga haya mumwambie baba yenu mdogo baada ya arubaini. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana: mimi niko chini, yeye analia, nyinyi mnaomba radhi kwa niaba yangu, naye hawezi kumkatalia maiti. Usiku kucha wa juzi niliona ni mpango mzuri. Leo ameniletea maji ya kunawa uso, amepita mlango huu mrefu wa kwangu ameinama. Hapa hakuna kizingiti cha kumgonga, wanangu. Mwili wake umeshazoea.

Mwiteni. Mwite baba yako mdogo, binti yangu, mwambie, "Kaka yako anakuita."

Ingia, mdogo wangu. Kaa hapa kitandani, hapo hapo miguuni. Usinishike mkono kwanza. Yale maji yanayoingia kwako ni yangu. Msingi wa baba haukuwa mfupi. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuuchimba nikiwa na miaka kumi na miwili, ulinifika kifuani. Njia niliilaza kwako kwa makusudi, kwa sababu ya nyumba, na ulipokuja kuniuliza nilikudanganya nikijua. Nikakuacha uinue sakafu mara zote tatu. Sina la kuongeza. Ningekuwa na nguvu ningepiga magoti, sasa hata kugeuka nageuzwa.

Nitukane.

Unasimama... Haya. Mkubwa, mpishe njia. Usimshike! Mwache apite. Binti yangu, kaa chini, msimkimbilie. Ana haki ya kwenda.

Ameondoka. Nimesikia geti.

Basi sikieni la mwisho, pumzi inakwisha. Nilidhani nikisema nitapata usingizi. Labda nitapata, labda sitapata, hiyo ni juu yangu. Lakini nyinyi msiende kumbembeleza. Msimpelekee wazee wa kumsuluhisha, wala msimwambie, "Marehemu alikuwa akikupenda." Asipokuja kunizika, atakayeuliza yuko wapi mwambieni kweli, tena kwa sauti, kwamba mzee wetu alimkosea. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika. Kazi ile mnifanyie hata kama hatanisamehe, hata akifunga dirisha asiwaone. Msimdai salamu. Mpeni ukuta mkavu.

Nizikeni haraka. Magari yakinasa tope, watu watembee kwa miguu, hatua tisini haziui mtu... Wanibebe mabegani. Msizibe hata shimo moja kwa ajili yangu. Waione ilivyo.

Sogeeni. Leteni vichwa, mikono yangu haifiki. Radhi zangu ziwe nanyi, wanangu, za baba na za mama yenu. Mpate usingizi mvua ikinyesha. Mungu awape watoto watakaowaambia... watakaowaambia kweli mapema. Mshikane. Mkubwa, mdogo wako ukimwona amependelewa, meza. Meza tu, mwanangu, ni chungu lakini inapita.

La, nimebadili: kesho asubuhi, msisubiri nife. Chukueni majembe. Anzeni... anzeni upande wake.