Aliyeandika "Hautatoka"

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Shangazi Jua.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, kifungua mimba wa mkunga na seremala, akaanza shule Januari 1959, akahitimu fizikia chuoni mwaka 1975, na tarehe 2 Februari 1976 akaajiriwa katika kituo cha kuchunguza jua, ambako kila asubuhi alichora madoa ya jua kwa penseli na kutoa tahadhari kwa marubani na watu wa redio. Tarehe 17 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi saa, marehemu shemeji yetu, aliyependa kutania kwamba ameoa mke mwenye mume mwingine angani, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 6 Mei 1988 doa kubwa lililipuka. Dada alijua kwamba si kila mlipuko huliacha jua, kwani juu ya doa, katika anga la jua lenyewe, kuna nguvu za sumaku zinazoubana kama mfuniko wa sufuria, na wiki ile ile alikwisha kuona miwili ikipanda na kurudi chini, basi akaandika kitabuni, "Hautatoka," wala hakutoa tahadhari. Ukatoka. Siku mbili baadaye dhoruba yake ya sumaku ilitufikia duniani, redio za masafa marefu zikavurugika, na ndege ndogo iliyombeba mgonjwa na muuguzi ikapotea mawinguni, rubani akiita bila kusikiwa.

Tume iliyochunguza ajali hiyo ilimwondolea lawama, yeye hakujiondolea. Alizipima upya picha zote, akabaini kwamba mlipuko jirani wa siku iliyotangulia ulikuwa umekwisha kuufungua mfuniko ule, na tangu hapo akawafundisha wenzake kutazama kwanza kilicho juu ya doa. Lakini kwa miaka ishirini na tisa redio ya sebuleni kwake haikuzimwa, ikikoroma bila stesheni, na tulipoigusa alisema, "Iacheni, huenda anaita."

Machi 2017 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mjane wa rubani alisikia, akaja wodini, akasema, "Sikuja kukulaumu, mwenzangu, nimekuja kukaa nawe," akakaa miezi mitano. Asubuhi ya tarehe 3 Septemba dada alimwuliza, "Walifika?" Mama yule hakuweza kusema uongo, alimshika mkono tu, mpaka saa nne dada alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuangalizia nyumba, wenzake wa kituoni, ambao hata leo wamelichora jua kabla ya kuja hapa, na mjane huyo, aliyeketi upande wa wafiwa kwa sababu ni mfiwa.

Dada, sasa pumzika, na iwe kwa amani.