Gaudiosa Kornel Mbalazi, Aliyejifunza Kuongoza Mafundi wa Maji

Baba Paroko, wazee wetu, wafiwa wenzangu, na nyote mlioteremka kutoka Sumbawanga hadi hapa Milepa kutushika mkono, mimi ni Edwin, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mtanivumilia sauti ikikatika.

Gaudiosa alizaliwa hapa Milepa tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kornel Mbalazi na mama yetu Monika, ambaye yuko hapa mbele na leo anamzika mtoto wake. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, sekondari Sumbawanga hadi 2001, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa maji, akahitimu stashahada mwaka 2006.

Aliajiriwa serikalini kama fundi wa maji tarehe 2 Oktoba 2006 akapangiwa Kirando, na mwaka 2011 akahamishiwa Sumbawanga mjini, ambako alikutana na mwalimu Calvin, wakafunga ndoa takatifu tarehe 8 Septemba 2012, Mungu akawajalia watoto wawili, Tereza aliyezaliwa 2013 na Yusto aliyezaliwa 2017.

Mwaka 2016 alipewa kuongoza kikosi cha mafundi wa mabomba, na hapa nitasema ukweli kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiusimulia, kwamba mwanzoni aliongoza vibaya, alifoka mbele za watu, alimnyang'anya fundi spana na kumaliza kazi mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha watatu walikuwa wameomba uhamisho. Siku moja fundi Leonidas, aliyemzidi umri kwa mbali, alimwambia kwa upole, "Mama, kazi tunaijua, ila ukifika tu, mikono inasahau ilichokuwa inafanya." Dada alirudi nyumbani hakula, akamwambia mumewe kwamba serikali ilimfundisha mabomba, watu hakufundishwa.

Shemeji Calvin alikwenda Mbeya kusahihisha mitihani akarudi na vitabu viwili vya uongozi vilivyokwisha kutumika, kimoja cha Kiingereza, na dada akavisoma polepole ndani ya gari la kazini, akiuliza maana ya maneno kwa yeyote aliyekaa karibu. Hakufaulu mara moja, kwani wiki aliyoanza kuwasifu mafundi wake waliulizana kama anaumwa, na alipojaribu kuanza kila asubuhi kwa kuwauliza kinachowakwamisha, alishindwa kunyamaza wamalize kujibu. Alinipigia simu akicheka, akasema, "Edwin, kitabu kinasema nisikilize, hakisemi mdomo huu niuweke wapi." Lakini aliendelea, akanunua vingine, akawaomba radhi wale watatu mmoja mmoja, na wawili wakaondoa maombi yao ya uhamisho.

Tuliona amejifunza kweli mwezi Februari 2021, Leonidas alipofungulia maji kabla maungio hayajakazwa, bomba kuu likapasuka na mitaa kadhaa ikakaa bila maji, na wakubwa wakataka jina la aliyekosea. Dada aliwajibu, "Kiongozi wa kikosi ni mimi, andikeni langu," akapewa onyo la maandishi, na cheo alichokuwa akikitarajia mwaka ule kikampita. Siku iliyofuata ajali ile alimrudisha Leonidas palepale bomba lilipopasukia, akamkabidhi spana, akasimama ndani ya tope kumshikia bomba mpaka alipomaliza, wala hakumfokea, na mzee yule alistaafu kwa heshima mwaka uliofuata.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuugua, vipimo vikaonyesha saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Mbeya na baadaye Dar es Salaam, akapata nafuu, tukashukuru Mungu, kumbe ugonjwa ulikuwa haujaondoka. Ulipomrudia mwezi Januari mwaka huu hakung'ang'ania kiti, alimwita msaidizi wake Salome kitandani, akamwelekeza kazi yote, kisha akamwambia aongoze kwa namna yake, asimwige. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono, akaniambia maneno ambayo sijui nitayabeba vipi, "Nimesoma namna ya kuwaongoza watu, Edwin, sikusoma popote namna ya kuwaaga wanangu." Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na miwili, Calvin akiwa kando yake, na Yusto bado anatuuliza mama ataamka lini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu bila kuchoka, majirani wa Sumbawanga waliowalisha watoto tulipokuwa hospitalini, wanajumuiya waliosali naye, na viongozi wa kazini waliotupatia usafiri. Kwa mafundi wake sina maneno yanayotosha, kwa sababu jana tulipokwenda makaburini na vijana wa ukoo kuchimba, tuliwakuta wamekwisha kuchimba kina cha kufika kifuani, Leonidas akiwa ndani ya shimo pamoja nao, na tulipowaomba watupishe, Salome alitujibu, "Tuacheni, kaka, huyu ni wa kwetu pia." Tukawaacha, tukakaa pembeni tukilia.

Dada yangu Gaudiosa, umetuachia nyumba nzito, pumzika sasa, kwa amani.