Wakili wa Hayat

Benchi letu liko Makina, Kibera, kwenye kona ambapo Hayat anauza kahawa ya tangawizi, na kabla yake aliyeuza hapo ni mamake, Sitelbanat. Sasa kuna bwana mmoja amejitokeza na karatasi, anasema kona ni yake na anataka kujenga maduka. Kesi ni Alhamisi. Hayat akishindwa anabeba jiko lake na kuondoka, na watoto wake wawili wanasoma kwa hilo jiko. Ameshapata mawakili, ofisi ndogo juu ya duka la magodoro kule Kawangware, mawakili watatu na karani mmoja. Walimwambia mmoja wao atashika kesi. Yupi, hawakusema. Ndiyo maana Jumanne asubuhi wanaume wanne wazima tuliacha kazi zetu tukakaa kumchagulia, na hakuna aliyetuomba.

Alianza Katiba. Jina lake ni Mutinda, fundi wa kuchomelea milango, na hutembea na kijitabu cha katiba kilichochanika kabla hajafika ukurasa wa pili.

KATIBA: Hayat, sikiza mimi. Itisha Mutie. Huyo alikuwa karao, polisi kabisa, miaka kumi na mbili kabla asomee sheria.

HAYAT: Na hiyo itanisaidia aje?

KATIBA: Macho! Kuna jamaa alimwangalia tu hivi kortini, bila kusema kitu, jamaa akakubali makosa. Na hata hakuwa wa hiyo kesi. Alikuwa amekuja kumngojea shemeji yake.

Amolo, anayeuza omena, dagaa wa ziwa, pale Kisumu Ndogo, tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui" tangu tumjue. Kando yake alikaa wa tatu wetu, Refa.

PROFESA: Wacha zako. Karao anajua kushika, hajui kuachilia. Hayat anataka Nanyama.

REFA: Yule mama mrefu?

PROFESA: Huyo huyo. Alikuwa matroni wa bweni huko Bungoma. Sasa hesabu mwenyewe. Mahakimu wangapi hii nchi walilala bweni wakiwa wadogo? Hakimu akimwona anaingia, anasimama yeye.

REFA: Na kama hakimu alikuwa akitoka nyumbani kila siku?

PROFESA: Huyo ndiye ataogopa zaidi. Hajazoea.

Huyu Refa jina lake ni Fadul. Huchezesha mechi za mtaa, na Jumapili iliyopita alitoka uwanjani mbio kabla mechi haijaisha, filimbi ikiwa bado mdomoni.

REFA: Nyinyi mnaongea juu ya kazi za zamani. Kesi ni kipaji. Nanyama analia, wasee. Lakini analia na jicho moja tu, la upande wa hakimu. Lile lingine linasoma faili.

KATIBA: Hiyo inasomewa chuo gani?

REFA: Hiyo husomei. Unazaliwa nayo.

Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema nimesikia Mutie hulala na faili chini ya mto, akiamka anajua upande wa pili watasema nini, hadi kikohozi. Sijui niliitoa wapi. Wenzangu walitikisa vichwa kwa heshima, na Profesa akaongeza kwamba mto wenyewe ni wa duka lile la chini. Hilo ndilo tatizo la benchi letu: ukidanganya vizuri unapata msaidizi.

HAYAT: Lakini kuna wa tatu. Anaitwa Ndanu.

Tulicheka mpaka Refa akamwaga kahawa.

PROFESA: Kale kasichana? Kalikuwa kanafanya na masoroveya, kanashika mkanda wa kupimia mashamba.

KATIBA: Kortini kapime nini, meza ya hakimu?

HAYAT: Kwani kesi yangu si ya ploti?

KATIBA: Hayat, ploti ni kitu kidogo. Hapa tunaongea sheria.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, viatu vimejaa matope, faili ndani ya mfuko wa plastiki. Aliagiza kahawa, tukamsogezea nafasi kwenye benchi. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kuongea.

— Niaje. Nyinyi mnakaa hapa kitambo?

KATIBA: Kitambo? Mimi nilianza kunywa hapa wakati wa Sitelbanat.

REFA: Mimi nilimwona huyu Hayat akibebwa mgongoni, hapa hapa.

PROFESA: Hata hili benchi tulilileta sisi.

— Poa sana. Mimi ni Ndanu, wakili wa Hayat. Yule bwana ameapa kwamba hii kona ilikuwa tupu mpaka mwaka jana. Hakimu ametupa nafasi ya mwisho ya kuleta shahidi. Nataka mtu mmoja tu, aje Alhamisi, aseme hayo mmeniambia sasa. Niandike jina gani?

Alikuwa ameshatoa kalamu.

Katiba alikumbuka ana mlango wa mteja Alhamisi. Profesa akasema omena huingia siku hiyo hiyo. Refa alisema kwa kazi yake haruhusiwi kuchukua upande. Halafu wote wakanigeukia mimi.

Nyumba ninayolala, huko Riruta, ni ya ndugu yake yule bwana mwenye karatasi. Ningeweza kulisema hilo, angalau lilikuwa kweli. Badala yake niliona haya, nikaangalia ndani ya kikombe.

— Hata mmoja? Ndanu aliuliza, na hakuuliza kwa hasira.

Hayat alitutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho, kisha akapita akikusanya vikombe. Changu kilikuwa bado nusu. Alikichukua mkononi mwangu taratibu.

— Kahawa imeisha, akasema.

Nyuma yake birika lilikuwa limejaa, linachemka.