Wacuka Onyancha, Aliyelala Mahali pa Bintiye

Marehemu Wacuka Onyancha alizaliwa tarehe 17 Juni 1972, Kagumo, Kirinyaga, kifungua mimba wa Mzee Muriithi na Mama Wawira. Anayesoma wasifu huu ni Kariuki, mdogo wake.

Alisoma Kagumo, kisha Embu, ambako aliandika mchezo wake wa kwanza na kumwua mwalimu mkuu katika onyesho la pili. Mwalimu mwenyewe alipiga makofi. Mama hakucheka, alisema mtoto huyu anachezea vitu visivyochezewa.

Mwaka 1999 alifika Houston, akapanga nyumba Stafford, pembezoni mwa jiji, akawa muuguzi kama wengi wetu. Muda wa kuhariri gazeti la jumuiya yetu ya Wakenya aliuiba kwenye usingizi. Wasifu wa kila aliyefariki ulipita mikononi mwake. Ukiandika “alipendwa na watu wote,” alikupigia simu: “Wote? Hata wewe uliyekuwa hupokei simu zake?”

Mwaka 2003 alifunga ndoa na Bwana Onyancha. Walihamia Mansfield, wakajaliwa binti mmoja, Fiona.

Mwaka 2024 aliandika tamthilia yake ya mwisho, kuhusu msichana anayefariki wiki ya harusi yake. Fiona ndiye angelala kwenye jeneza, yaani boksi la friji lililofunikwa kitambaa cheusi. Mama mkwe wa marehemu akapiga simu kutoka Kisii.

“Mama Fiona, usimlaze mtoto mle. Huo ni uchuro.”

“Mama, ni boksi tu.”

“Hata jeneza huanza likiwa mbao tu.”

Marehemu alicheka. Lakini jioni ya tarehe 9 Novemba, watu wameshaketi ukumbini, alimwambia Fiona avue gauni. Akamgeuza msichana wa mchezo kuwa mama, akalala yeye.

“Mom, seriously?” Fiona aliuliza.

“Nyamaza, nipishe.”

Alipoinuka alilalamikia baridi, na ukumbi ulikuwa wa joto.

Mwezi Januari madaktari wa Houston, alikorudishwa kupimwa, walikuta saratani ya kongosho. Walisema ilianza muda mrefu kabla ya mchezo ule. Tumemrudia Fiona maneno hayo mpaka koo zimekauka. Jibu lake ni moja: “It was supposed to be me,” kwamba yeye ndiye aliyepaswa kufa. Marehemu aliagiza boksi lichomwe, tukalichoma. Alifariki tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jumatatu hii Bwana Onyancha alikuta boksi jingine gerejini, limefunikwa kitambaa kipya. Ndani mlikuwa na mto wa Fiona. Tunaogopa, na hatuoni haya kulisema mbele yenu.

Marehemu, aliyetanguliwa na wazazi wake, ameacha mume, mama mkwe, mdogo wake Kariuki, na binti yake Fiona. Jina hilo la mwisho tumeliandika miongoni mwa walio hai. Tusaidieni libaki hapo.

Dada, Mungu akupumzishe kwa amani. Fiona, mwanangu, inuka hapo kando ya kaburi. Njoo ukae na mjomba.