Barabara ya Mita Kumi

Sogeeni, wanangu. Wewe kifungua mimba kaa hapa kichwani, na wewe kitinda mimba zima hiyo redio, maana sauti yangu leo haiwezi kushindana na mtu. Mchoro wenu wa kugawa shamba nimeuona: viwanja kumi na viwili, barabara mita nne, na uwanja wa watoto hamna. Nani kawachorea, fundi cherehani?

Msinune. Nacheka kwa sababu namkumbuka mama yenu, siku tulipolipima shamba hili kabla hatujamaliza mwaka katika ndoa, mimi mpima ardhi kijana mwenye suruali moja ya kazini, yeye kashika ncha ya futi kamba kule kwenye nyasi, ananipigia kelele nivute, na nikivuta anaiachia makusudi nianguke. Ilikuwa raha, wanangu, na mpaka leo naitamani. Ni yeye aliyesema kule mteremkoni pasijengwe, watoto wapate pa kuchezea.

Sasa sikilizeni nililowaficha. Mtaa mliokulia niliuchora mimi. Kanuni za mji zilitaka barabara ya mita kumi, na kila kiwanja cha kwenye kona kikatwe ncha ili gari lipinde bila kugusa ukuta. Majirani wakanibembeleza niwaongezee viwanja vyao kidogo kidogo, nami kwa kutaka kupendwa nikaibana barabara hadi nne, ncha zile nikaziacha bila kukatwa, na mkubwa wangu akasaini bila kusoma. Nilisifiwa mtaa mzima. Kisha mama yenu akazidiwa, gari la wagonjwa likakwama kwenye kona, tukambeba kwa godoro, ninyi wawili mmeshika upande wa miguuni. Mlidhani nalia tu, kumbe nilikuwa nahesabu hatua, na zilifika mia tatu na kumi na mbili. Sijui kama angepona. Najua kona ile ni kazi ya mkono wangu, na sikuwahi kumwambia mtu. Nisameheni.

Kwa hiyo viwanja viwe tisa, na mteremko wa mama yenu msiuguse. Msigombane, aliye mkubwa asichague kwanza, pigeni kura.

Na barabara... ngojeni nipumue. Najua kwa nini mmeibana. Mita kumi zikipita zinakula chumba hiki nilichohamia hapa shambani, nanyi hamtaki nyumba ya baba iguswe. Nimefurahi, kweli nimefurahi, ila hata mimi niliwaharibia majirani kwa kutaka kuwafurahisha.

Nipeni mikono. Mungu awaweke pamoja, awape wajukuu wenye kelele, na siku mtakayoita msaada ufike mlangoni. Mkishanizika msikae mkiitazama nyumba. Leteni nyundo... muanze na ukuta huu, huu wa kichwani kwangu. Mimi nitakuwa sipo, wanangu. Bomoeni.