Thelathini na Saba Juu ya Tisini

Wifi yangu, anayeuza kahawa kwenye benchi la mbele ya duka la fremu, ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuja mbio hadi dirishani kwangu, birika mkononi. "Wifi, ile picha ya shangazi yako wanataka kuitia wino." Nikambeba mtoto mgongoni, nikamfuata. Marehemu shangazi alikusanya picha za Mhispania mmoja, msanii wa kisasa. Madirisha ya shangazi hayakuwa na mapazia, lakini kuta zilijaa picha. Msanii huyo alichora juu ya jiwe, jiwe likapakwa wino, likagandamiziwa karatasi moja baada ya nyingine, kisha akatia saini kila karatasi kwa penseli na kuandika ni nakala ya ngapi kati ya zote. "Picha imechapwa na jiwe," shangazi alikuwa akisema, "mkono wake umepita hapa kwenye saini tu." Mimi aliniachia moja, nikaipeleka kwa Fundi Fremu aiwekee kioo. Sasa ilikuwa imelala mapajani kwake, na kalamu ya wino iko sikioni. Nikasimama nyuma ya nguzo. Mbele za watu mimi huwa sina maneno.

Kulia kwa Fundi alikaa Hakimu, ambaye miaka yote mahakamani alikuwa akifungua milango. Kushoto alikaa Dozi wa duka la dawa.

— Saini ya penseli si saini, alisema Hakimu. Pale kwetu ukileta kitu cha penseli, unarudishwa mlangoni hapohapo.

— Na mlangoni ulikuwepo wewe, alisema Dozi.

— Ndiyo maana najua.

Fundi akaweka kidole kwenye kona ya kushoto.

— Halafu oneni hapa. 37/90. Hii nini?

— Maksi hizo, alisema Dozi. Thelathini na saba juu ya tisini. Jamaa kafeli!

— Msanii mkubwa hivyo afeli? aliuliza Fundi.

— Kwani hukuiona picha? Mbuzi ana macho yote mawili upande mmoja. Mimi ningempa ishirini.

— Basi ndiyo maana katumia penseli, alisema Hakimu. Aibu. Kaacha nafasi ya kufuta jina.

— Wewe! alisema Fundi. Mtu afute jina lake mwenyewe?

— Wakwe wakija, anafuta. Wakiondoka, anaandika tena.

— Kwa hiyo hao tisini ni wakwe? aliuliza Wifi.

— Wakwe tisini, alisema Dozi, waliomkubali thelathini na saba.

Walicheka mpaka benchi likalia. Fundi peke yake hakucheka. Akaitoa kalamu sikioni.

— Mnacheka, lakini kazi haitoki dukani kwangu nusunusu. Yule mama ni mpole, hawezi kujua haya mambo. Napitisha wino juu ya penseli, jina linakolea, nafunga kioo. Atafurahi.

— Pitisha, alisema Hakimu. Iwe halali.

Fundi akavuta kifuniko cha kalamu kwa meno. Moyo ulinidunda hadi mtoto akaamka mgongoni, akaangua kilio. Wote wakageuka.

— Kumbe upo, mama! Nakuwekea sawa hapa, usiwe na wasiwasi.

Nilitaka kuwaambia maneno ya shangazi, yakagoma kutoka. Nikauliza tu lililokuja.

— Fundi, huyo mtu picha nzima kaichapa kwa wino. Wa kutia saini aliukosa?

Fundi akaitazama kalamu. Dozi akamtazama Hakimu. Hakimu akainua kikombe, akakikuta kitupu.

— Dada, ongeza kahawa.

— Imekwisha, alisema Wifi, akaligeuza birika chini juu wote waone.

Fundi akarudisha kifuniko polepole.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua. Alinipa picha ndani ya kioo, penseli iko vilevile. Niliitundika juu ya kitanda, mbuzi akatutazama kwa macho yake yote mawili. Kisha nikazikusanya penseli zote za mwanangu mkubwa anayesoma shule, na kifutio chake, nikaviweka juu ya kabati.