Sufuria ya Kifuniko Chekundu

Mgeni rasmi, Tata Kamishna, Padri mkuu wa shule, walimu mliobaki:

MAKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa bweni tunakukaribisha Kolwezi kwa moyo mweupe. Harufu inayotoka jikoni ni sombe yako, majani ya muhogo yaliyotiwa karanga nyingi kama inavyostahili mgeni. Tunaomba uisikilize risala yetu kabla njaa haijakuita.

HISTORIA YA MEZA YETU
Meza ya dirishani ilianzishwa kwa ajili ya mwenzetu Muamba. Yeye akila karanga, hata unga wake tu, midomo huvimba, ngozi huota vipele na pumzi hukatika. Daktari alisema jina lake ni alerji, si uchawi wala maringo, na kwamba siku ya mashaka hasubiriwi apoe: anakimbizwa kwenye sindano.

Mwanzoni mpishi aliokota punje za karanga kwenye sombe, akamsukumia sahani: "Kula, mwanangu, nimezitoa zote." Siku hiyo Muamba alibebwa mgongoni hadi zahanati. Kuchomoa karanga kwenye sombe ni kama kuchomoa chumvi.

MAFANIKIO
Tangu hapo alipikiwa katika sufuria yenye kifuniko chekundu, kwa mwiko wake. Kwa kuwa bukari, ugali wetu, tunaula katika sahani moja, kila mkono ulinawa kwa sabuni kabla ya kumega. Muamba mwenyewe alikuwa askari wa zamu. "Weye Kyungu, unawa maboko! Mi sitaki kufa juu ya karanga yako!" Kyungu alimjibu, "Ukikufa, godoro ni yangu." Kisha alikwenda kunawa mara ya pili.

Mafanikio mengine, Mheshimiwa, ni nafasi. Bweni letu sasa ni pana, kelele za kukoroma zimepungua, na Kyungu amepata magodoro mawili. Lakini halali juu ya lolote.

CHANGAMOTO
Muamba yuko stesheni. Alizaliwa hapa Kolwezi, lakini baba yake ni Mkasai, na tangazo la kuwafukuza Wakasai wote kutoka Katanga lilitosha. Analala na mama yake kando ya reli, pamoja na umati unaosubiri garimoshi lisilokuja. Padri wa parokia na watu wake wanawagawia uji, Mungu awabariki, na uji huo umetiwa unga wa karanga ili uwape nguvu.

Muamba haunywi. Rachelle wa meza yetu alimwona kupitia waya wa uzio wa stesheni, akasema shati linamning'inia. Majirani zake wanamcheka: "Mutoto wa mukubwa, uji wetu haukutoshi?" Mama yake ameeleza hadi sauti imekauka. Tunaogopa siku njaa itakapomshinda. Zahanati haina tena sindano. Tena akivimba pale, mbele ya watu waliofukuzwa, nani atasema ni alerji? Watasema Wakatanga wametia sumu. Padri aliyekoroga uji atakimbilia wapi?

Tulimpelekea chakula. Askari wa langoni alifunua kifuniko, akanusa, akala yote mbele yetu. Halafu akatukemea: "Sombe gani hii? Mulishindwa kutia karanga?"

OMBI
Hatuombi madirisha wala madaftari. Gari lako, Mheshimiwa, halisimamishwi langoni. Sufuria ya kifuniko chekundu tumekwisha kuiweka kwenye kiti cha nyuma. Utusamehe kwa kutokubisha hodi. Umkabidhi Muamba mwenyewe, na uwaambie wagawa uji wamtengee wake kabla ya kutia karanga. Wewe watakusikiliza. Sisi ni watoto.

Mwambie tulinawa kabla ya kupika.

Kesho utakaporudi kutuaga, turudishie sufuria. Ikiwa tupu, tutaamini amekula. Ikirudi imejaa, Tata, usijisumbue kutueleza.

Mungu akulinde njiani, awalinde na wale wasio na njia.

Ni sisi,
Meza ya Dirishani.
Imesomwa na Jeancy Mukuna, kwa niaba ya waliopo na asiyekuwepo.